Vinyago Vikuukuu Ndio Walimu Wetu

(Maneno yaliyosemwa na wachongaji wa tawi letu la reli mbele ya wanachama na majirani waliokutana Isecheno.)



Tumeombwa tuseme habari za kuchonga, na hasa jinsi tunavyotafuta vinyago vya zamani, vile vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine, ili tujifunze kwavyo. Katibu ametuambia tusipite nusu saa. Tutajaribu, ingawa mambo ni mengi na mmoja wetu hupenda maneno.

Kwanza mtujue. Sisi ni watu sita wa reli huko Kisumu. Wawili ni wa gengi la njia, mmoja ni wa ishara, waliobaki ni wa karakana na stoo. Kwetu ni huku huku Isukha, na ndiyo sababu tumewaita hapa badala ya mjini. Jioni na siku za mapumziko twachonga. Hatukusomea kazi hii. Shule yetu ilikuwa shule ya msingi ya misheni, na katika somo la kazi za mikono tulichonga miko na mipini ya majembe, basi. Yaliyobaki tumeyapata kwa kushika vitu na kuvitazama.

Mwaweza kuuliza, mtu wa reli ana haja gani na tezo na patasi? Jibu mnalijua ninyi wenyewe. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, maelfu ya wafanya kazi waliachishwa. Mkataba ule ulikwisha mwaka 2017, lakini sisi tulikuwa watoto na vijana wakati huo, na tuliwaona baba zetu na wajomba zetu wakirudi nyumbani na sanduku la bati. Aliyekuwa na kazi ya pili mkononi, awe fundi viatu au mshonaji au mwashi, watoto wake waliendelea na shule. Asiyekuwa nayo aliuza kipande cha shamba. Chama hutetea mshahara na malipo ya uzeeni, na yatupasa kukiunga mkono. Lakini mkono wenye ufundi hauachishwi na mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mtu wa Isecheno akitaka kujifunza kuchonga, neno la kwanza linalomjia moyoni ni msitu. Msitu uko hapo, nyuma ya jiko. Mutukhuyu uko hapo, mukumari uko hapo, lusiola iko hapo. Atachukua panga usiku, ataangusha mti, na kwa kuwa hajui kitu, gogo la kwanza litapasuka, la pili atalikata kinyume cha nyuzi, la tatu litamponyoka mkononi. Tumehesabu kwa watu tunaowafundisha: mwanafunzi huharibu vipande vinane au kumi kabla ya kupata kigoda kimoja cha kukaliwa. Je, vipande kumi hivyo vitoke wapi? Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, hifadhi ya Isecheno ikawekwa mwaka 1967, na sheria ya misitu ya mwaka 2016 ina faini na kifungo. Hata sheria ikilala, mti haulali: mutukhuyu mnene unaouona leo ulikuwa umesimama kabla babu yako hajazaliwa. Kuutia mikononi mwa mtu asiyejua kushika patasi ni hasara isiyolipika.

Kwa hiyo kwetu utaratibu ni huu: kwanza mkono ushike kitu kilichochongwa na mtu anayejua. Halafu udongo wa mfinyanzi. Halafu mti wa nyumbani, mparachichi uliozeeka, mwembe, mgrevilea wa mpakani, jakaranda iliyoangushwa na upepo. Na hata hao wa Changamwe, ambao ni mabingwa, siku hizi wachonga mwembe na mwarobaini, kwa sababu mpingo na muhugu vimeadimika kwa kukatwa sana. Kama mabingwa wanachonga mwembe, sisi ni nani tudai mutukhuyu?

Baadhi ya vijana husema, tunazo picha katika simu, za nini vitu vikuukuu? Ndugu, picha haina mgongo, wala haina tako. Mtu wa gengi hapimi upana wa njia kwa jicho wala kwa picha. Anacho chuma cha kipimo, mita moja kamili, anakilaza juu ya reli. Kinyago ni kipimo chetu. Unakigeuza. Unapitisha kidole. Unajua hapa aliyechonga alitumia tezo, hapa kisu, hapa alichoka akaacha.

Na kwa nini kikuukuu, si kipya kutoka dukani? Sababu ya kwanza ni fedha, na tusione haya kuisema. Kipya cha kuuzia watalii ni ghali kwa mshahara wetu, kikuukuu chenye sikio lililovunjika twakipata kwa bei ya kilo mbili za sukari. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kitu kipya kimepigwa msasa mpaka alama zote za chombo zimefutika, kikapakwa rangi ya viatu, kiking'aa. Ni kama mtu aliyevaa suti: huoni mifupa. Kikuukuu kimechakaa, rangi imetoka, kimepasuka, na pale kilipopasuka ndipo kinaposema. Ukiona nyufa zinatoka katikati na kwenda nje kama miale ya jua, ujue fundi aliacha moyo wa mti ndani, au alichonga mti mbichi na kuukausha upesi. Huna haja ya kuharibu gogo lako ili ujue hilo. Mwenzako ameliharibu zamani kwa ajili yako.

Mfano wetu mkubwa ni ngoma hii iliyo mezani. Ni isukuti, ile kubwa katika zile tatu. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Isukha na Idakho isukuti ni nini, lakini wako wanachama hapa waliotoka Ukambani na pwani, basi wajue kwamba mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma hii katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu ni kwamba wengi wanaoijua ni wazee, vijana wachache huifuata, na vifaa vya kuitengenezea vimekuwa haba. Tulipolisikia hilo tulitaka kujua hasa inachongwaje. Ngoma mpya hazikutusaidia, maana zimefunikwa ngozi na ndani ni giza.

Hii tuliipata upande wa Shinyalu kwa mama mmoja mzee. Haikuwa na ngozi tena, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Tuliomba kuinunua. Mama alicheka, akasema kama ni ya kuku na iende. Sisi tukakataa kuichukua siku ile. Tulimwambia kwanza wanawe wote waulizwe, kwa sababu ilikuwa ya mume wake marehemu. Tulirudi mara mbili. Mwana mkubwa alikubali kwa sharti moja, kwamba siku ya ukumbusho wa baba yao ngoma iletwe ikae uani. Tumeandika sharti hilo katika daftari letu. Mama tulimpa sufuria mpya mbili na kikapu cha kutagia kuku, maana kuku nao walikuwa na haki yao.

Sasa itazameni ndani. Pale juu panapoingia vigingi vya kukazia ngozi, ukingo ni mnene kama vidole viwili. Ukishuka katikati, ubao ni mwembamba, kidole kimoja tu, na chini unanenepa tena kidogo. Sisi tulidhani ni kama bomba, unene mmoja toka juu hadi chini. Halafu tieni mkono. Mtasikia mistari ya patasi ikienda kwa urefu, na karibu na katikati kuna tuta dogo la duara. Pale ndipo mistari ya juu na mistari ya chini ilipokutana. Maana yake fundi alitoboa kutoka pande mbili, na hakukutanisha sawasawa katikati, akaliacha tuta. Hilo lilitufunza zaidi ya mwezi wa maelezo, kwa kuwa tulikuwa tukitoboa upande mmoja tu, na patasi ikawa haifiki. Mti ni mukumari, mwepesi, haupasuki ovyo. Wazee walichagua mti ule kwa akili.

Kuhusu ngozi tuseme neno moja tu. Isukuti ya asili huambwa ngozi ya kenge. Kenge ni mnyama wa mwitu, na kumwinda bila ruhusa ni kosa. Tumejaribu ya mbuzi. Sauti yake si ile. Hilo bado latusumbua.

Mahali pa kutafuta. Pa kwanza ni majikoni mwenu. Kinu kilichotoboka, kigoda cha gogo moja chenye mguu uliovunjika, bakuli la mti linalotiliwa chumvi ya ng'ombe: hivyo ndivyo vitu ambavyo watu huvitia motoni mvua ikinyesha na kuni zikilowana. Tafadhalini, kabla hamjakitia motoni, tupelekeeni habari. Pa pili ni nyumba za kampuni na za serikali wakati watu wanapohamishwa. Afisa akipewa uhamisho hatabeba twiga wa mti wenye urefu wa futi nne. Atamwuza mlangoni, na siku ya mwisho hata atamgawa bure. Pa tatu ni masoko. Kibuye kule Kisumu siku ya Jumapili kuna watu wanaotandaza vyombo vya nyumbani vilivyotumika, redio, pasi, viti, na katikati yake utaona kichwa cha mti kinakutazama. Nairobi wenzetu hutazama Gikomba na Toi. Nendeni mapema au nendeni jioni sana. Katikati ya mchana bei ni ya kitalii. Pia minada ya makanisa, ambapo vitu huuzwa kusaidia ujenzi, na wauzaji hawajui wala hawajali nani alivichonga.

Na mkipata safari ya Mombasa, shukeni Changamwe. Pale ndipo ulipo ushirika wa Wakamba wachongaji, uliosimama mwaka 1963. Habari yake yawafaa wafanya kazi kuijua. Ufundi ule Ukambani ulianzia Wamunyu kwa Mutisya Munge, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika Tanganyika, akawaona wachongaji wa huko, akarudi nao ufundi mkononi. Kutoka kwa mtu mmoja ukawa riziki ya maelfu, nao wakaungana katika ushirika ili wasinyonywe na wafanya biashara mmoja mmoja. Pale Changamwe usiende chumba cha kuuzia peke yake. Nenda vibandani, waombe wachongaji vitu vilivyokataliwa: faru aliyevunjika pembe, bakuli lililopasuka, sanamu iliyoachwa nusu. Iliyoachwa nusu ni bora kuliko zote! Yaonyesha mapigo ya kwanza ya tezo, ambayo kitu kilichokwisha huyaficha. Tunaye ndovu mmoja wa namna hiyo. Upande mmoja ni ndovu, upande wa pili ni gogo.

Unapokishika kitu sokoni, usianze na uso. Kigeuze kwanza, tazama chini. Muuzaji akisema ni mpingo, pima uzito wake mkononi, halafu tafuta kovu dogo mahali pa siri. Mpingo ni mweusi mpaka ndani na ukiutia majini huzama. Mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu utaonyesha weupe wake kwenye kovu lile. Kwa kujifunza, mti mweupe si mbaya hata kidogo, ubaya ni kulipa bei ya mpingo. Gonga polepole juu ya karatasi nyeupe. Vumbi laini likianguka, kitu kimebunguliwa na wadudu wako hai ndani. Usikiweke na vyombo vingine. Sisi hukifunga katika mfuko wa plastiki bila tundu na kukiweka katika friza ya rafiki yetu mwenye duka la samaki kwa majuma mawili. Kinatoka kikinuka samaki, lakini wadudu wamekufa. Usikianike juani kwa haraka, kitapasuka.

Neno jingine kwa watu wa gengi: mataruma ya mti. Tunajua yanavutia, ubao mgumu, umekauka. Kwanza ni mali ya reli. Pili yametiwa kreosoti, dawa ambayo ni sumu. Vumbi lake likiingia kifuani au ubao wake ukiwa bakuli la uji wa mtoto, ni hatari. Yaacheni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetufanya tukubali kusema leo. Mnapotafuta vitu vya zamani, muulize kila mara: kimetoka wapi, nacho kilikuwa cha nani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika biashara hii asiyeuliza aweza kununua mzee wa watu.

Kule pwani, Wagiriama na Wamijikenda wengine huchonga nguzo ziitwazo vigango kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango si pambo. Ndani yake roho ya mzee imepewa mahali, na hakihamishwi ovyo. Mji ukihama, chenyewe huachwa kisimame mpaka kioze. Basi, kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wezi walianza kuving'oa usiku, mara nyingi vijana wa huko huko waliokosa kazi, wakaviuza kwa fedha kidogo kwa wafanya biashara, nao wakaviuza ng'ambo kwa bei kubwa. Vilifika Marekani, vikaingia majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilitambuliwa kwa sababu mtaalamu mmoja alikuwa amempiga picha mwenyewe akiwa mbele yavyo kabla havijaibwa. Vilirudishwa mwaka 2007, miaka 22 baadaye, na mzee yule alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30. Vingine vingi havijarudi.

Tunasema haya kwa nini hapa Isecheno, mbali na bahari? Kwa sababu mwizi alikuwa kijana asiye na kazi, na mnunuzi wa kwanza alikuwa mtu mwenye fedha kidogo tu, kama sisi. Huo ndio mlango. Ikiwa sisi twapita vijijini tukisema twanunua vitu vya zamani, tukaonyesha noti, basi kijana fulani ataondoka na kigoda cha babu yake usiku, au fimbo ya mzee wa ukoo, akatuletea asubuhi. Kwa hiyo tuna masharti matatu, na tumekubaliana kuyashika hata kitu kikiwa kizuri namna gani. Hatununui kwa mtoto. Hatununui kitu kilichotoka kaburini, au mahali pa sala au pa tohara. Na hatununui kitu cha ukoo bila watu wawili wa nyumba ile kusema mbele yetu kwamba wamekubali. Majina yao yanaandikwa, pamoja na tarehe na bei.

Katika soko moja, ambalo hatutalitaja, muuzaji alituletea nguzo ndefu iliyofungwa gunia, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembe tatu. Tulimwuliza ilikotoka. Akasema, ninyi nunueni tu. Fundi wetu wa ishara aliitazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa kazi safi kabisa, akairudishia gunia lake. Kesho yake tulipeleka habari kwa watu wa makumbusho.

Anayetaka kuona kazi kubwa bila kununua aende huko huko kwenye makumbusho. Kisumu lipo jumba tangu mwaka 1980, na Nairobi, katika jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa, vipo vinyago vya sehemu nyingi za Afrika vilivyokusanywa na marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Nendeni na penseli na daftari. Simameni mbele ya kitu kimoja nusu saa. Wenye kuzunguka jumba zima kwa dakika kumi tunawaona, na hawarudi na kitu.

Tumebakiwa na dakika chache, basi tueleze tunavyokitumia kitu kikishafika nyumbani. Twakiweka mbele ya taa ukutani na kuchora kivuli chake kwa mkaa, mbele, ubavuni na nyuma. Twapima kwa uzi: kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wote? Kwa mtu aliye hai ni mara saba hivi. Katika vinyago vingi vya kwetu Afrika ni mara tatu au nne, kwa sababu fundi alikipa kichwa heshima yake. Mwanafunzi asiyepima huchonga kichwa cha mtu wa kweli na kushangaa kwa nini sanamu yake inaonekana kama mtoto mgonjwa. Halafu twafinyanga kwa udongo wa mtoni, mara tatu au nne. Udongo hurudi kuwa udongo, hakuna kilichopotea. Ndipo tunaposhika mwembe.

Wako wanaosema kuiga ni wizi. Sisi twaona kuiga ili ujifunze ni shule. Lakini kuiga, kisha kukipaka moshi na mafuta na kukiuza kuwa ni cha babu, huo ndio uwongo, na mwanachama akifanya hivyo ataondolewa katika kikundi. Nyuma ya kila nakala yetu twachoma herufi N kwa msumari wa moto.

Vitu kumi na vinne viko mezani. Njooni mvishike, mikono iwe mikavu. Anayetaka kuazima aandike jina na namba ya kazi katika kitabu cha kijani, majuma mawili kwa kitu kimoja, bila malipo. Ngoma haiazimwi kwa sasa, maana mwezi ujao inakwenda Shinyalu.